Mama wa Sabuni Kwenye Ukurasa wa Tisini na Saba

Chumba cha matengenezo katika maktaba ya mji kiko mwisho kabisa wa ukumbi, baada ya choo cha wafanyakazi na kabla ya stoo ya viti vilivyovunjika. Ukianza kuona viti, umeshapita. Ndani kuna meza moja ndefu, vibano viwili vya mbao, sindano, uzi uliopakwa nta, kopo la gundi lisilofunga vizuri, na mwanamume mmoja ambaye kwa miaka thelathini na moja amekuwa akivishonea vitabu migongo mipya. Wafanyakazi wenzake humwita Fundi. Vijana humwita Fundi Gundi, tena mbele yake. Mkuu wa maktaba humwita Fundi siku za kawaida, na "mzee wangu" siku akikasirika.

Kazi ya kuwashauri vijana wasome nini haikuwa yake. Ilikuwa ya Mkuu. Kila mwaka Mkuu aliandika orodha ya riwaya kumi zinazowafaa vijana, akaichapa, akaivisha plastiki, akaitundika mlangoni pa chumba cha vijana. Vijana waliipita orodha hiyo kama mwanafunzi aliye likizo anavyompita mwalimu wa hesabu sokoni: kwa haraka na kwa adabu. Kisha wakaenda moja kwa moja mpaka mwisho wa ukumbi, wakasimama kwenye dirisha dogo la Fundi.

"Fundi, nipe kitu."

Fundi hakuwauliza wanapenda nini. Aligundua zamani kwamba mtu wa miaka kumi na mitano akiulizwa anapenda nini hujibu "sijui," halafu hukasirika. Alimtazama kijana mara moja tu, jinsi anavyotazama kitabu kilicholowa, akageukia rafu iliyokuwa nyuma yake, akachomoa kimoja.

"Chukua hiki. Ukifika ukurasa wa sitini usiwe na kitu motoni."

Hotuba yake iliishia hapo. Mara tisa katika kumi kijana alirudi baada ya siku tatu, macho mekundu, akitaka kingine. Mara ya kumi alirudi baada ya siku nne.

Alijuaje? Alijua kama fundi viatu anavyojua mteja wake anatembeaje. Kitabu ambacho mgongo wake umevunjika mpaka ukurasa wa thelathini, kisha kuanzia hapo kikawa kigumu kama kimetoka dukani jana, kimewashinda watu mahali pamoja, na hakuna haja ya kuita kikao kujadili kwa nini. Kilichovunjika sawasawa toka mwanzo hadi mwisho kimesomwa. Chenye doa la chai ukurasa wa mia mbili na tatu kimesomwa na mtu aliyesahau kwamba ana chai mkononi. Pembe zilizokunjwa zilimwonyesha watu waliishia wapi walipozidiwa na usingizi, na riwaya ambazo hazikuwa na hata pembe moja iliyokunjwa aliziheshimu kuliko zote. Hakuna aliyelala.

Kulikuwa na jambo moja tu ambalo Fundi hakuwahi kulifanya, nalo ni kusoma riwaya.

Si kwamba hakujua kusoma. Alisoma magazeti, alisoma maelekezo ya gundi, na mkataba wake wa kazi aliusoma mara mbili, mara ya pili kwa mshangao. Riwaya alijaribu mara moja ujanani. Alifika ukurasa wa kumi na moja, akaona kwamba wa kumi na mbili umechapwa upande, akakifumua kitabu kizima aone mchapaji alikosea wapi. Alifurahi sana. Baada ya hapo hakuona kwa nini ahangaike na habari za watu wasiokuwepo wakati vitabu vyenyewe vipo na vinaumwa. Hakuwahi kumdanganya mtu. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Katika vitabu vyote vilivyopita mezani kwake, kimoja kilikuwa mfalme. Vijana walikiita cha Kijani, kwa sababu ya jalada, au tuseme kwa sababu ya rangi ambayo jalada lilikuwa nayo zamani. Maktaba ilikuwa na nakala moja tu. Karatasi ya mihuri ya tarehe za kuazima ilikuwa imebandikwa juu ya karatasi ya mihuri, iliyobandikwa juu ya nyingine, mpaka kitabu kikawa hakifungi. Fundi alikuwa amekishona mara nne. Hakikuwa na pembe iliyokunjwa.

Kwenye orodha ya Mkuu hakikuwemo. Namba moja ya Mkuu, mwaka wa tisa mfululizo, ilikuwa riwaya ya jalada la kahawia kuhusu mjane mmoja mwenye kiwanda cha sabuni. Mkuu mwenyewe aliiandikia maelezo: "Kisa chenye mafunzo mema, hasa hotuba ya kugusa moyo iliyomo katikati." Karatasi yake ilikuwa na mihuri minne. Yote minne ilikuwa ya Mkuu.

*

Mambo yangeendelea hivyo mpaka Fundi astaafu, kama asingeletewa mjukuu.

Binti yake, muuguzi, alipata nafasi ya masomo ya mwaka mmoja katika mji mwingine, akamleta mwanawe wa kike, miaka kumi na minne, akae na babu yake. "Utafurahi," alimwambia msichana mlangoni. "Babu yako anajua vitabu vyote vya dunia." Akapanda basi.

Msichana aliingia na begi moja, chaja moja, na uso wa mtu aliyefikishwa kituo asichokatia tiketi. Wiki ya kwanza, kwa hesabu ya Fundi, alisema maneno arobaini, kumi na mawili kati yake yakiwa "haya." Shule mpya ikoje? "Nzuri." Umepata marafiki? "Haya." Hilo la mwisho halikuwa jibu, na wote wawili walijua.

Fundi hakuwa na ufundi mwingine. Alimletea kitabu. Siku ya pili alikikuta juu ya friji.

"Vipi?"

"Kimenishinda."

"Ulifika wapi?"

"Jalada."

Alimletea cha pili, kilichowaliza wasichana wa mtaa mzima. Kikarudi juu ya friji. Akaleta cha tatu, chenye madoa ya chai sehemu sita. Friji. Fundi alianza kulitazama friji lile kwa chuki. Ilipofika Ijumaa alifanya jambo ambalo si la haki kwa watu kumi na mmoja waliokuwa wanasubiri zamu: alitia cha Kijani ndani ya koti akaenda nacho nyumbani.

Jumapili asubuhi msichana alikuja mezani na kitabu mkononi, hajachana nywele, akaketi, akaongea.

"Babu, yule mama wa sabuni ni nani?"

Fundi alikuwa ananyanyua kikombe. Akakirudisha.

"Mama yupi?"

"Si wa ukurasa wa tisini na saba! Msichana anatafuta baba yake mpima ardhi aliyepotea, sawa? Anasukuma mlango wa stoo ya shule. Ghafla kuna mama anakoroga sufuria tatu za sabuni na kumsema shemeji yake. Kurasa kumi na sita! Ukigeuza, msichana yuko kwenye basi, ana ufunguo, ana kidonda mkononi, na hakuna anayesema neno kuhusu sabuni mpaka mwisho wa kitabu. Sasa ni nani?"

Fundi alihesabu bila kutaka. Maneno yalikuwa yamevuka hamsini, yote katika pumzi moja.

"Hayo," alisema kwa uangalifu, "kila msomaji anaelewa kivyake."

"Wewe umeelewaje?"

"Kivyangu."

Msichana alimtazama. Yalikuwa macho ya mama yake, yale ya kuuliza nani amemaliza sukari.

"Babu. Hujakisoma."

"Nimekishona mara nne."

"Sijauliza umekishona mara ngapi."

Fundi alikunywa chai. Ilikuwa imepoa, lakini ilimpa la kufanya.

"Vile vingine vitatu je?"

"Vilikuwa na dalili nzuri."

"Kwa hiyo unawagawia watu vitabu kama daktari anayewapa watu dawa kwa kuangalia chupa?"

"Na wanapona," Fundi alisema.

Msichana hakucheka. "Mama aliniambia unajua vitabu vyote. Ni kitu kimoja tu nilichoambiwa kuhusu hapa nikakiamini." Akainuka. "Usinipe tena kitabu ambacho hujakisoma."

Kitabu hakwenda kukiweka juu ya friji. Alikiweka mbele ya babu yake, katikati ya kikombe na mkate, akaenda kuchana nywele.

*

Ilimchukua Fundi nyakati sita za chakula cha mchana kufika ukurasa wa tisini na sita. Alisoma akiwa amefunga dirisha, kwa aibu, kama mtu anayejifunza kucheza muziki. Kurasa ishirini za kwanza alizisoma akikagua nafasi za pembeni. Baadaye, sijui ilikuwaje, alianza kuwa na wasiwasi na yule mpima ardhi. Siku ya nne aliunguza gundi.

Huku nyuma, jambo jingine lilikuwa limetokea. Msichana alipokwenda maktaba kuuliza habari za mama wa sabuni, alikuta chumba cha vijana kina vyama viwili. Chama cha kwanza, kikiongozwa na msichana mmoja waliyemwita Miwani, kilishikilia kwamba mama wa sabuni ndiye mama mzazi wa yule mwanafunzi. Chama cha pili kilisema ni mwanafunzi mwenyewe akiwa mzee. Ubishi huo ulikuwa na umri wa miaka tisa. Waliouanzisha walikuwa sasa na watoto. Mjukuu wa Fundi alisikiliza siku mbili, akatangaza kwamba wote ni vipofu, kwamba yule shemeji anayesemwa ndiye baba aliyepotea, akaanzisha chama cha tatu. Kufikia Jumatano alikuwa na wafuasi wanne na alikuwa anachelewa kurudi nyumbani.

Siku ya sita, saa saba na dakika kumi, Fundi alifika mwisho wa ukurasa wa tisini na sita. Ulisema: *Akasukuma mlango wa stoo, na mbele yake...* Akageuza. *Sufuria tatu za sabuni zilikuwa zinachemka, na yule mama alikoroga bila kumtazama mtu.*

Fundi hakuendelea kusoma. Alishusha macho mpaka chini kabisa ya ukurasa, mahali ambapo msomaji hana shughuli. Kitabu hakishonwi karatasi mojamoja. Hukunjwa mafungu ya kurasa kumi na sita, na kila fungu hupewa namba ndogo chini ili fundi asichanganye. Pale palikuwa na namba saba, na saba ndiyo iliyotakiwa. Kila kitu kilikuwa sawa, isipokuwa uzi.

Uzi ulikuwa wa manjano. Fundi alitumia uzi wa manjano mwaka mmoja tu, mwaka ambao mweupe ulikwisha, na mkono ulioupitisha pale ulikuwa wake.

Alifungua daftari la matengenezo la mwaka ule. Siku hiyo alikuwa ameshona vitabu viwili vya mchapaji mmoja, kimo kimoja, herufi za aina moja. Kimoja cha kijani. Kingine cha kahawia. Pembeni, kwa mwandiko wake: *Tumeitwa kupigwa picha.*

Picha yenyewe ilikuwa bado imetundikwa ukumbini. Fundi alitoka kwenda kuitazama. Wafanyakazi wote walikuwa wamesimama mbele ya jengo siku maktaba ilipotimiza miaka arobaini, na yeye yuko mstari wa pili, anacheka. Mtu mmoja tu hakuwemo: yule mama wa usafi wa wakati ule, mwanamke mwenye bidii, ambaye aliona bora atumie nafasi hiyo kupanga meza za watu, pamoja na ya Fundi na mafungu yake.

Fundi alikwenda kwenye rafu ya vitabu vilivyopendekezwa, akachukua cha Kahawia, akakifungua ukurasa wa tisini na saba. *...ukutani, kwenye msumari, ulining'inia ufunguo.* Mistari minne chini yake, kitasa cha mlango kilimkata yule mwanafunzi mkono. Mistari sita chini yake mwalimu mkuu alimkuta pale, akamketisha, akaanza kumweleza faida za juhudi. Fundi alisoma akiwa amesimama. Mwalimu mkuu alieleza faida za juhudi kwa kurasa kumi na tano na nusu.

*

Kesho yake asubuhi Mkuu alikuja mwenyewe dirishani, jambo lisilo la kawaida.

"Fundi, kuna wafadhili. Wanatoa nakala kumi za riwaya moja kwa kila shule ya sekondari, shule ishirini na mbili. Lakini hawataki orodha yangu tu. Wanataka kuona kitabu kinachoazimwa kweli." Neno *kweli* alilisema kama mtu anayetoa mwiba. "Nimehesabu mihuri. Ni hicho chako cha Kijani. Kamati inakaa Alhamisi. Utasimama dakika tatu ueleze kwa nini vijana wanakipenda."

"Mimi?"

"Wanasema wewe ndiye unayewapa. Sio siri, mzee wangu."

Jioni Fundi alimweleza mjukuu wake yote, kuanzia uzi hadi picha. Msichana alisikiliza akiwa ameshika kijiko hewani.

"Kwa hiyo mama wa sabuni hayumo kwenye hadithi?"

"Yumo. Lakini pale si kwake. Ni mpangaji."

"Na huo ufunguo?"

"Ulikuwa kwenye msumari."

"Tu?"

"Tu."

"Kidonda?"

"Kitasa."

Msichana alishusha kijiko. "Nina chama, Babu. Nina watu wanne."

"Najua."

"Usimwambie mtu."

"Wanataka kununua nakala mia mbili na ishirini. Mpya. Zote bila mama wa sabuni. Zote zina mwalimu mkuu."

"Anasema nini?"

"Juhudi."

"Kurasa zote kumi na sita?"

"Kumi na tano na nusu. Ile nusu ni ufunguo."

Friji likanguruma. Msichana alikuwa anafikiria wanafunzi wa shule ishirini na mbili wakifika ukurasa wa tisini na saba.

"Hao watakuwa wamekichukua kwa neno lako," alisema hatimaye. "Kama mimi."

"Ndiyo."

"Na ukisema ukweli, itabidi useme kwamba hujawahi kusoma hata kimoja. Mbele ya Mkuu. Vijana watajua."

"Wewe ulishajua."

"Mimi ni wa nyumbani." Alikwangua sahani ambayo haikuwa na kitu. "Na mimi nitakuwa mjukuu wa yule babu aliyemuua mama wa sabuni. Haya."

Haya hiyo Fundi hakuihesabu na zile kumi na mbili. Ilikuwa nyingine, lakini hakujua ya namna gani, na hilo lilimkosesha raha mpaka Alhamisi.

*

Kamati ilikuwa na watu wanne: Mkuu, mwalimu mmoja mstaafu, bwana mmoja kutoka ofisi ya elimu aliyekuwa na kalamu tatu, na Miwani, mwakilishi wa vijana, aliyeambiwa mapema kwamba anaruhusiwa kusikiliza. Mlango uliachwa wazi kwa ajili ya joto, na mlangoni walisimama vijana kadhaa, akiwemo mjukuu, mikono imefungwa kifuani.

Fundi alivaa koti. Aliweka vitabu viwili mezani.

"Sijawahi kusoma riwaya," alisema, "mpaka wiki mbili zilizopita."

Mwalimu mstaafu alicheka. Bwana wa elimu alitabasamu, akaandika: *Fundi alianza kwa unyenyekevu.*

"Si unyenyekevu. Sijasoma. Nilikuwa naangalia migongo."

Akawaeleza. Alieleza vizuri, kwa sababu alikuwa anaeleza ushonaji. Alifungua cha Kijani akawaonyesha uzi wa manjano, akafungua cha Kahawia akawaonyesha uzi wa manjano. Bwana wa elimu alibadilisha kalamu.

"Mimi niliona," mwalimu mstaafu alisema. "Nilikisoma cha Kijani mwaka juzi. Nikadhani ni mbinu."

"Mbinu gani?" Mkuu aliuliza.

"Ya kisasa."

Mlangoni mtu aliguna. Miwani alikuwa amevua miwani na kuishika mkononi, na bila miwani alionekana mdogo sana. "Kwa hiyo si mama yake," alisema, bila kumwambia yeyote.

Lakini Fundi alikuwa anamtazama Mkuu. Mkuu alikuwa amekivuta cha Kahawia kwake na kukifungua katikati, penye alama ya utepe mwekundu, utepe wake mwenyewe.

"Ile hotuba," alisema taratibu. "Ya mwalimu mkuu."

"Ni ya cha Kijani, Mkuu."

"Mimi nilikipendekeza hiki kwa ajili ya hotuba ile. Miaka tisa." Alifunga kitabu, akakifungua tena, kana kwamba huenda hotuba imebadilika. "Nilijiuliza kila mara mwalimu mkuu alifikaje kwenye kiwanda cha sabuni. Nikasema, labda ni mjomba wake."

Hakuna aliyecheka. Katika chumba kile hapakuwa na mtu ambaye hakuwahi kusema "labda ni mjomba wake" kuhusu jambo fulani. Fundi, ambaye kwa miaka tisa alidhani mihuri ile minne ilikuwa ya kuonyesha watu, aliona kwamba Mkuu alikuwa amesoma kitabu kile mara nne, neno kwa neno, na kwamba ndani ya jengo lile, kati yao wawili, msomaji alikuwa Mkuu.

"Ni kosa langu," Fundi alisema. "Nilikwenda kupigwa picha."

Bwana wa elimu akakohoa. "Sasa niandike tunanunua kipi?"

Mkuu alikuwa bado anatazama utepe wake.

"Vyote viwili." Sauti ilitoka mlangoni. Mjukuu alikuwa amefungua mikono. "Tano kwa tano. Mtu akisoma kimoja tu hajui nusu."

"Kijana, kikao hiki," mwalimu mstaafu alianza.

"Sisi tumekaa na huyo mama miaka tisa. Hatujui kama alishinda kesi na shemeji yake. Imeishia katikati, kwenye ukurasa wa mia na kumi na mbili, ameshika mwiko!" Aligeukia wenzake. "Kuna mtu hataki kujua?"

Hakuna aliyekuwa hataki kujua. Miwani alirudisha miwani usoni. "Na mimi nasema hivyohivyo," alisema, ingawa aliruhusiwa kusikiliza tu, na bwana wa elimu, kwa kuwa alikuwa na kalamu mkononi, akaandika.

Kamati iliazimia pia kwamba Fundi arudishe kila fungu kwenye kitabu chake ndani ya siku saba.

*

Azimio hilo limevishwa plastiki na limetundikwa ukumbini, chini ya picha. Mpaka leo halijatekelezwa, kwa sababu ambayo Fundi ameieleza kwa maandishi: ili kitabu kishonwe lazima kiwepo. Jioni ileile mjukuu wake aliazima cha Kahawia aanzie ukurasa wa mia na kumi na tatu, Miwani akaandikwa baada yake, na foleni haijakatika tangu hapo. Nakala mpya zilikwenda shuleni. Vijana wa maktaba wanasema hizo ni za watu wanaopenda kurahisishiwa.

Chama cha tatu hakikuvunjika. Kilihamia kwenye suala la kama mama wa sabuni alikuwa na haki kumnyang'anya shemeji yake sufuria, na kina wanachama kumi na mmoja.

Jumatatu moja Mkuu alikuja dirishani akiwa ameshika kitambulisho chake cha kuazima, kama watu wote.

"Nataka cha Kijani."

"Kuna foleni, Mkuu."

"Niandike." Akasubiri mpaka Fundi amalize kuandika. "Namba ngapi?"

"Kumi na nne."

Mkuu alitikisa kichwa. "Huyo mwalimu mkuu. Anaishia vizuri?"

Fundi alikuwa amemaliza kitabu kile siku mbili kabla. Kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na moja aliulizwa swali la riwaya ambalo jibu lake alikuwa nalo.

"Soma," alisema.

Vijana bado wanakuja. Fundi bado anatazama mgongo, madoa na pembe, na bado anachomoa kimoja. Kilichoongezeka ni neno moja: kabla ya kukikabidhi husema "sijakisoma" au "nimekisoma." Vya "sijakisoma" vinaazimwa sawa na mwanzo. Vya "nimekisoma" ni vitatu.

Cha nne aliletewa. Mjukuu wake aliingia chumbani bila kubisha, baada ya shule, akakiweka mezani katikati ya vibano viwili. Kilikuwa riwaya nyembamba, jalada la kijivu, haina doa. Fundi alikichukua, akakipindapinda, akakinusa, akakifungua katikati kikajifunga chenyewe.

"Hiki hakuna aliyekisoma," alisema. "Mgongo wake haujavunjika kabisa."

"Mimi nimekisoma. Nilikisoma kwa uangalifu." Alivuta kiti kimoja kutoka stoo ya jirani, akakijaribu kwa mkono kama kitambeba, akaketi. "Kizuri, Babu. Uvunje wewe."